Aliingia kwa Miguu Yake

Kila wiki napanda na kushuka vilima vya Kilungu nikiwa na mkoba wa buluu na simu ya kazi, nikiwauliza watu mambo wasiyopenda kuulizwa. Choo mnacho? Mtoto amemaliza chanjo? Kuna mama mjamzito katika boma hili? Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji. Si daktari, ingawa wako wanaoniita daktari wakitaka dawa ya kichwa bila kupanga foleni. Kazi hii nimeifanya miaka mingi, na kusema kweli nimechoka. Miguu ikichoka naikanda kwa maji ya moto, asubuhi inaniinua tena. Kinachonichosha ni kuwaambia watu jambo la kweli, nao wananijibu kwa hadithi iliyotoka kinywani mwangu mwenyewe.

Jambo ninalowaambia ni fupi. Mama akijifungulia dispensari, mikononi mwa mtu aliyesomea kazi hiyo, ana nafasi kubwa zaidi ya kurudi kwake akiwa hai, na mtoto wake vilevile. Namba zipo. Zimeandikwa kwa chaki kwenye ubao mweusi pale dispensarini, kijiji kwa kijiji, nyingine kwa mwandiko wangu. Hapa sitaziandika. Nimezitaja mpaka ulimi umeota sugu. Nikimaliza kuzitaja, mwenye nyumba hunitazama kwa huruma, huniongezea chai, kisha husema taratibu, "Lakini dada yako si alifia pale pale?"

Hapo nafunga mkoba, namaliza chai, naenda boma linalofuata.

Dada yangu alifia pale, ni kweli. Alifia kwenye dispensari yetu akijifungua mtoto wake wa kwanza, zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Mtoto aliishi. Nilimlea mimi, ananiita Mama, na mwaka huu alirudi nyumbani kutoka Makindu, ambako mumewe anauza vipuri vya malori kando ya barabara ya Mombasa. Alikuja na tumbo la miezi minane na shuka mbili mpya, akasema anataka kuzalia kwetu. Nilifurahi sana. Nikamwambia kesho yake twende dispensari akaandikishwe. Akaniangalia kana kwamba nimemtukana.

"Pale siendi, Mama. Susu atanizalisha hapa hapa."

Susu ndivyo wajukuu wanavyomwita nyanya yao, na susu wake ni mama yangu mzazi, ambaye mimi namwita Mwaitu. Zamani alikuwa mkunga wa mlima huu wote. Siku hizi macho yake yana utando, na akishika kikombe mkono unamtetemeka mpaka chai inamwagikia leso. Basi hayo ndiyo yaliyoninyima usingizi mwaka huu. Mtoto pekee aliyeachwa na dada yangu, mimba yake ya kwanza, na mkunga asiyeona vizuri. Na maneno yaliyomfanya aiogope dispensari yalikuwa yangu.

Wacha nieleze yalivyoanza. Kwetu mtu akizikwa, kabla mhubiri hajafungua Biblia, lazima mtu wa familia asimame aeleze marehemu aliugua vipi na akafia wapi. Waombolezaji huingoja sehemu hiyo kuliko hata mahubiri. Ikirukwa, watu wanarudi makwao wakinong'onezana kwamba kuna kitu kimefichwa. Siku ya kumzika dada nilichaguliwa mimi, kwa sababu nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na Kiswahili changu kilikuwa kimenyooka, na shemeji yangu alikuja na wenzake wa kazini kutoka pwani, wasiosikia Kikamba. Nilisimama kando ya jeneza nikasema, "Dada yangu aliingia dispensari kwa miguu yake mwenyewe. Alitoka amebebwa."

Kisha nikanyamaza. Sikukusudia kunyamaza, sauti ilikatika tu. Lakini kile kimya ndicho kilichomaliza watu. Wanawake walianza kulia kuanzia viti vya mbele mpaka kwenye ua, na mzee mmoja akasema kwa sauti, "Ni ukweli. Tulimwona akiingia." Walimwona kweli. Foleni nzima ya Jumamosi ilimwona akiingia akitembea. Katika yale niliyosema siku ile hamna neno hata moja la uongo, na nina hakika, kwa sababu nimeyachambua miaka yote hii kama mtu anayechambua mchele.

Baadaye niliyapeleka kanisani. Kanisa letu lina kipindi cha ushuhuda kila Jumapili: mtu anasimama, anasema Bwana asifiwe, anaeleza alikotolewa. Mimi nilikuwa na uchungu, na uchungu ulitaka kusemwa. Nilishukuru Mungu kwa kunipa mtoto wa kulea nikiwa bado msichana, na kila mara nilianzia pale pale, aliingia kwa miguu yake. Niliona jinsi watu walivyoinama. Niliona akina mama wajawazito wakishika matumbo yao. Sikufikiri kwamba nawafundisha kitu chochote.

Hadithi ikashuka mlima bila mimi. Mtoto akiwa ameanza shule, siku moja nilikuwa soko la Tawa nikinunua mbegu za mbaazi. Muuzaji alikuwa mama mnene, mcheshi, asiyenijua kabisa. Mwanamke mjamzito akapita mbele yetu, na yule muuzaji akanisogelea. "Huyu asithubutu kwenda kuzalia kule Kilungu," akasema. "Kuna msichana aliingia huko akitembea, akakuta nesi anakula chapati. Nesi akamwambia ngoja nimalize. Msichana akakata roho nesi hajamaliza hata chapati moja." Nikamuuliza aliyasikia wapi. Eti kwa shemeji yake, aliyekuwepo siku hiyo. Chapati haikuwepo, na shemeji yake hakuwepo. Nesi yule hakuwa ametia kitu mdomoni tangu asubuhi. Lakini nilisimama pale mbele ya magunia nikalia machozi ya kweli kwa ajili ya hadithi ile na chapati yake, mpaka yule mama akaniongezea mbegu juu ya kipimo.

Nesi mwenyewe alihama kabla mwaka haujaisha. Watu waliacha kumsalimia njiani. Akienda dukani walinyamaza mpaka atoke. Siku anapakia vitu vyake kwenye pikapu nilipita upande wa pili wa barabara, nikajifanya naangalia machungwa ya jirani.

Na dispensari ile tulijijengea wenyewe, hilo ndilo linalonikata maini. Mwethya ya wanawake, kile kikundi chetu cha kusaidiana kulima na kujenga, ilibeba mchanga kutoka mtoni kwa karai, safari baada ya safari, na mimi nikiwa msichana mdogo nilibeba. Baadaye wanawake wale wale waliobeba mchanga wakawa wanapita mbele ya lango wakiwa na uchungu wa kuzaa, wakitafuta mahali pengine. Wengine walibaki jikoni kwao, na si wote walioamka kesho yake. Hao hawakupata mtu wa kuwasimulia kwa namna ya kuliza soko. Mazishini ilisemwa tu kwamba siku yao ilikuwa imefika. Chumba cha kujifungulia kikawa kwa miaka kadhaa stoo ya vyandarua.

Mwaka mmoja kaunti ilituletea vijana na projekta. Walifunga shuka nyeupe ukutani, wakawasha jenereta, wakatuonyesha nguzo za rangi. Kijana mmoja, mpole, shati limepigwa pasi, akaeleza kwamba nguzo fupi ni akina mama waliofariki wakijifungulia kwenye vituo vya afya, na ile ndefu ni waliofariki wakijifungulia nyumbani. Alieleza vizuri. Mimi ambaye sikusoma mbali nilielewa kila kitu. Kisha mama mmoja wa kikundi chetu cha kanisa akainua mkono.

"Kijana wangu, hao walio kwenye hiyo nguzo ndefu ni akina nani?"

"Ni wa kaunti nzima, mama."

"Wanaitwaje?"

"Majina hatuandiki, mama. Ni siri ya mgonjwa."

"Sisi wetu tunamjua jina," yule mama akasema, bila ubaya wowote. "Na dada yake ni yule pale."

Baraza zima likanigeukia. Kijana naye akanigeukia, na nilimwona akipata matumaini, kwa sababu nilikuwa nimevaa fulana ya wahudumu wa afya na yeye alidhani nitamtetea. Nikasema, "Ni kweli. Aliingia kwa miguu yake." Watu wakaguna. Walipomaliza kukunja shuka, kijana aliniuliza kando kwa nini sikumsaidia, nikamwambia nina haraka, nimeacha maharagwe jikoni.

Namba nazo zisijifanye malaika. Baada ya kuanza kazi hii nilipata kushika rejista za zamani, zile kubwa za jalada gumu, zikiwa zimewekwa kwenye boksi. Nilitafuta mstari wa dada yangu nikaupata. Jina, umri, mimba ya kwanza, saa ya kuingia. Uchungu ulianza: jana jioni. Mtoto: hai. Mama: amefariki. Basi. Kwa hiyo kwenye zile nguzo za rangi, dada yangu, kama alihesabiwa popote, alihesabiwa kwenye ile fupi, miongoni mwa waliouawa na kituo. Hesabu yao na hadithi yangu zilikubaliana kabisa. Na zilikubaliana kwa sababu maneno "jana jioni" niliyasema mimi.

Uchungu wa dada yangu haukuanza jana jioni. Ulianza Alhamisi asubuhi, na tulimpeleka Jumamosi.

Mwaitu alikuwa amezalisha nusu ya watu wa mlima huu, angeanzaje kumpeleka binti yake mwenyewe kwa msichana wa serikali? Alisema mimba ya kwanza haina haraka. Alhamisi ikaisha. Ijumaa dada alikuwa bado anaongea, anaitisha maji, hata ananitania kwamba zamu yangu inakuja. Ijumaa jioni akaacha kutania. Baba, mtu aliyekuwa na maneno machache na asiyeruhusiwa kuingia chumba kile, alisimama mlangoni na kofia mkononi akiuliza, "Vipi?" na kila mara aliambiwa aende akalale. Jumamosi alfajiri Mwaitu alitoka nje bila kututazama, akamwambia alete wilbaro.

Tulimlaza kwenye wilbaro juu ya blanketi. Baba alisukuma, mimi nikamshika kichwa kisigonge. Njia ile ya miguu ni mawe matupu, na kila tulipogonga jiwe alitoa sauti ambayo sitaieleza. Mwaitu alifuatana nasi mpaka kona ya mwisho. Pale alinishika mkono kwa nguvu akaniambia, "Ukiulizwa uchungu ulianza lini, sema jana jioni." Kisha akabaki nyuma.

Sikushangaa hata kidogo. Kwetu ndivyo watu wanavyofanya, mpaka leo. Nikimuuliza mama homa ya mtoto ilianza lini, ananiambia jana, hata kama mtoto amebaki mifupa. Dispensari ni mahali pa kukaripiwa mbele ya watu, na hakuna anayependa kukaripiwa na msichana wa umri wa mtoto wake. Kwa hiyo kila ugonjwa wa kwetu ulianza jana. Naijaza ile "jana" kwenye simu ya kazi, inapanda juu, sijui inafika wapi, huko nayo inageuzwa nguzo ya rangi.

Pale kwenye kona dada alitaka kushuka. Hakutaka foleni imwone ndani ya wilbaro, mwanamke aliyeolewa, kama gunia la mahindi. Baba alimshika upande mmoja, mimi upande wa pili, tukamfunika leso vizuri, naye akanyoosha mgongo. Akatembea. Hatua zile hazikuwa nyingi, lakini alizitembea akiwa ameinua kichwa, na watu wakamwamkia naye akawajibu.

Nesi aliuliza uchungu ulianza lini. Dada akafungua mdomo. Nikamtangulia nikasema, "Jana jioni." Nesi akaandika. Akampima, akasema kwa mimba ya kwanza bado kuna wakati, tungoje mpaka mchana tuone. Baadaye akampima tena, akaniangalia kwa muda. "Una hakika ni jana jioni?" Nikasema ndiyo. Dada wakati ule alikuwa hawezi tena kusema. Gari la hospitali lilikuwa linaitwa kwa simu ya duka kule barabarani, na nesi alipokimbia mwenyewe kwenda kulipigia ilikuwa imeshakuwa saa saba. Mtoto alitoka akalia. Damu haikukatika. Gari lilipofika, nesi alikuwa ameketi sakafuni na kichwa cha dada yangu mapajani, na Baba alikuwa nje anafuta matope kwenye gurudumu la wilbaro.

Walipotufundisha kazi hii walituambia jambo ambalo wenzangu waliliandika kwenye madaftari nami nikashindwa kuliandika. Mama akiwa na uchungu siku ya tatu hangojewi. Gari linaitwa hapo hapo anapofika mlangoni. Je, dada angepona? Sijui. Namba zinaweza kuniambia juu ya akina mama mia, lakini huyu mmoja haziwezi kuniambia. Nimeziuliza.

Basi sasa mtoto wake alikuwa amekaa jikoni kwangu, mguu umevimba, anachambua mbaazi, na mimi namsomea namba. Nilizisoma kwa upole, nikazisoma kwa ukali. Nilimchorea hata zile nguzo nyuma ya bahasha. Alinisikiliza vizuri, amesoma kunishinda.

"Mama, hizo sikatai," akasema. "Lakini hao siwajui. Huyu ni mama yangu. Wewe mwenyewe ndiwe uliyenihadithia."

Nilimhadithia kila alipoitaka. Alipokuwa mdogo hakutaka hadithi za sungura wala fisi, alitaka ile ya mama yake aliyetembea mbele ya watu akiwa ameinua kichwa. Hana picha yake hata moja. Kile kichwa kilichoinuliwa ndicho alichorithi, nacho kilikuja kikiwa kimefungwa pamoja na nesi muuaji.

Na mimi sikuwa na ujasiri wa kuvifungua. Mwezi ule nilipojaza fomu ya boma langu mwenyewe, penye swali la mama mjamzito niliandika hapana. Ningeandika nini? Mhudumu wa afya ana mtoto anayesubiri kuzalishwa na bibi asiyeona? Nesi aliyekuwepo alikuwa mgeni, ameletwa kutoka mbali, hajui nani ni nani mlimani. Alichukua fomu yangu, akanishukuru kwa mwandiko mzuri.

Siku moja, saa nne asubuhi hivi, nilitoka shambani nikamkuta Mwaitu amekaa juani mlangoni mwa jikoni anatayarisha vitu vyake. Wembe mpya, sufuria ndogo, uzi mweupe. Alikuwa anakata uzi vipande vya kufungia kitovu. Alikata, akakata tena, na nikaona kipande cha tatu kimekuwa chekundu. Alikuwa amejikata kidole na hana habari. Aliendelea kupima uzi kwa vidole, anaimba wimbo wa kanisa kidogo kidogo, na damu inafuata uzi.

Nilimnyang'anya wembe. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, nilimnyang'anya mama yangu kitu mkononi, na msichana wangu akatoka jikoni kuona kuna nini. Nikaanza kusema nikiwa nimesimama. Nikasema Alhamisi, nikasema Ijumaa. Nikasema wilbaro. Nikasema kona, na maneno niliyoambiwa pale konani, na nilivyomtangulia dada yangu kujibu akiwa amefungua mdomo. Sauti haikukatika safari hii. Ilikuwa sauti ya mtu anayesoma fomu.

Mwaitu hakukana. Aliweka kidole kwenye leso akakibana.

"Nilikuwa kwenye hali ile siku ngapi?" msichana akauliza. Alijiulizia yeye mwenyewe, si mama yake, nikashtuka, maana sikuwahi kufikiri kwamba hata yeye alikuwa mle ndani.

"Siku ya tatu ndipo ukatoka."

"Na wewe ulimwambia nesi jana jioni."

"Ndiyo."

"Akakuuliza mara ya pili."

"Ndiyo."

"Na kanisani, miaka yote hiyo?"

Msichana alitazama vipande vya uzi, akavikusanya, akaenda kuvitupa motoni, akaingia chumbani kwake. Mwaitu alisubiri mlango ufungwe, kisha akaniambia, "Umenivua nguo mbele ya mtoto." Nikamwambia ndiyo, Mwaitu. "Niliogopa kukaripiwa na kale kasichana," akasema. "Nilikuwa mtu mkubwa hapa." Nilimfunga kidole kwa kitambaa. Nilitaka kumkasirikia lakini nguvu sikuwa nazo, kwa sababu yeye aliogopa kukaripiwa siku moja, na mimi niliogopa miaka zaidi ya ishirini.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Msichana alikula, akafua, akasema asante na shikamoo, na hakusema kingine. Nilimwambia nitampeleka mimi mwenyewe wakati ukifika. Akasema, "Sawa," kwa namna ambayo watu husema wakitaka uondoke.

Jumatatu niliitwa semina mjini Wote, ya siku moja, kuhusu jinsi ya kujaza fomu kwenye simu mpya. Niliporudi jua lilikuwa bado halijazama. Mwaitu alikuwa amekaa mlangoni, mikono mapajani. "Ameondoka asubuhi na mapema kwa pikipiki," akasema. "Na shuka zake. Hakuniaga." Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri. Sikuvua hata viatu. Nilishuka njia ile ya mawe nikikimbia na mkoba wa buluu ukinipiga ubavuni, roho mkononi, nimesahau kwamba magoti yangu ni mabovu.

Nesi alikuwa nje ya chumba cha kujifungulia, anakausha mikono. Aliponiona akatabasamu.

"Mama, leo umenikuta na furaha," akasema. "Nimepata mgonjwa kama wale wanaoandikwa vitabuni. Amefika asubuhi, uchungu haujamaliza hata masaa mawili, akanitajia saa kamili ulipoanza. Sijamuuliza, akaniambia mama yake alikufa kwa kucheleweshwa nyumbani siku tatu, na kwamba mtu aliyejibu kwa niaba yake alimdanganya nesi. Akasema niandike. Nimeandika. Nimekaa naye karibu siku nzima, gari likiwa tayari. Amezaa msichana, saa tisa, salama kabisa."

"Hajambo?" nikauliza.

"Hajambo. Anataka uji. Ila kuna jambo moja ameniomba, nami nimemkubalia. Mtu wa kwao asiruhusiwe kuingia. Amesema maswali yake atayajibu mwenyewe." Akausukuma mlango kidogo kwa kiwiko, na nikamsikia mtoto. "Lakini wewe ni mwenzangu wa kazi, wewe si mtu wa kwao. Ingia umwone, umwandike kwenye fomu yako."

Mlango ulikuwa wazi kiasi cha kupita mtu. Niliona ncha ya shuka mpya, na mguu ule uliovimba.

"Mimi ni wa kwao," nikamwambia, nikaenda kukaa kwenye benchi.